Kutoka Ugeni hadi Kiti cha Hakimu: Njia ya Kisheria kwa Raia wa Tajnisi

Oktoba 2014, mkoani Tabora, Rais wa Awamu ya Nne, Jakaya Mrisho Kikwete, alianza kukabidhi vyeti vya uraia kwa watu walioingia nchini mwaka 1972 wakikimbia mauaji nchini Burundi, pamoja na watoto na wajukuu wao waliokulia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Takribani watu 162,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania kupitia zoezi hilo, ambalo maandalizi yake yalianza mwaka 2007.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 wakati familia yake inapokea vyeti hivyo sasa amevuka miaka 20. Huo ni umri wa kuwa chuo kikuu, na ni umri wa kujiuliza swali ambalo wazazi wake, walipokuwa wakimbizi, hawakuwa na sababu ya kujiuliza: je, mtu ambaye uraia wake umetokana na cheti cha tajnisi anaweza siku moja kuketi katika kiti cha hakimu na kuamua mashauri ya Watanzania wenzake?

Jibu la sheria ni ndiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 na sheria zinazosimamia Mahakama hazimtaki hakimu awe raia wa kuzaliwa. Zinachotaka ni uraia, elimu ya sheria na uadilifu. Hata hivyo, njia hiyo ina hatua zinazofuatana, na kila hatua ina masharti yake. Anayeruka hatua moja, au anayeipita kwa udanganyifu, huweza kupoteza yote aliyoyapata baadaye.

Hakimu na jaji

Katika mazungumzo ya kawaida, wananchi wengi hutumia maneno "hakimu" na "jaji" kana kwamba yana maana moja. Kisheria hayafanani. Hakimu ni ofisa anayesikiliza mashauri katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Jaji ni yule wa Mahakama Kuu, na aliye katika Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, huitwa Jaji wa Rufani.

Tofauti hiyo inahusu pia namna ya kuteuliwa. Majaji huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mahakimu huteuliwa na Tume yenyewe.

Kwa mwananchi wa kijijini au wa mtaani, sura ya kwanza ya Mahakama ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Huyo ndiye anayesikiliza mashauri ya mirathi yanayofuata sheria za mila au za Kiislamu, migogoro ya ndoa, madai ya madeni na makosa ya jinai ambayo sheria imeyaweka chini ya mamlaka yake. Katika utaratibu uliozoeleka, huketi pamoja na washauri wa mahakama, ambao wananchi wengi huwaita wazee wa baraza. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Zamani, wengi wa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo walikuwa na elimu ya cheti au stashahada ya sheria. Katika miaka ya karibuni mahakimu wakazi wenye shahada ya sheria wamekuwa wakipangwa katika mahakama hizo. Kutokana na mabadiliko hayo, safari ya anayetaka kuwa hakimu leo ni ndefu zaidi kuliko ilivyokuwa kwa kizazi kilichopita, awe amezaliwa raia au la.

Hatua ya kwanza: uraia

Matangazo ya ajira za mahakimu yanayotolewa na Tume ya Utumishi wa Mahakama huanza kwa sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania. Kwa aliyezaliwa raia, sharti hilo hutimizwa kwa kuonesha nyaraka. Kwa mhamiaji, ni safari ya miaka.

Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, inatambua aina tatu za uraia: uraia wa kuzaliwa, uraia wa kurithi na uraia wa tajnisi. Uraia wa tajnisi ni ule anaopewa mgeni aliyeomba na kutimiza masharti. Kwa mtu mzima, masharti makuu ni kwamba awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini kwa jumla ya muda usiopungua miaka 7. Kwa hesabu hiyo, mwombaji anapaswa kuwa amekaa nchini kwa miaka isiyopungua 8.

Ukaaji peke yake hautoshi. Mwombaji anatakiwa kuwa na tabia njema, kuwa na ufahamu wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza, na kukusudia kuendelea kuishi nchini. Sheria inaelekeza pia kuangalia mchango wake, uliopo au unaotarajiwa, katika uchumi wa taifa, sayansi na teknolojia, na ustawi wa jamii na utamaduni.

Maombi hupokelewa na Idara ya Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwombaji hutakiwa kutangaza nia yake katika gazeti, ili mwananchi yeyote mwenye sababu ya kupinga aieleze mamlaka husika. Maombi hujadiliwa katika ngazi za chini kabla ya kufikishwa kwa Waziri mwenye dhamana, ambaye ndiye mwenye uamuzi. Anayekubaliwa hula kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano na hutakiwa kuukana uraia wake wa awali, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Mzazi au mlezi anaweza kumwombea uraia mtoto ambaye hajafikisha umri wa utu uzima.

Jambo moja huwachanganya watu wengi. Kuishi nchini kwa muda mrefu hakumfanyi mtu kuwa raia, na hadhi ya ukimbizi haigeuki kuwa uraia kwa sababu miaka imepita. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliishi katika makazi kwa zaidi ya miaka 30 wakilima, wakisomesha watoto na wakizungumza Kiswahili, lakini kisheria walibaki wakimbizi. Kilichobadilisha hali yao ni uamuzi mahususi wa Serikali, ambao ulimpa kila mmoja nafasi ya kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 50,000 walichagua kurejea. Walio wengi waliomba kubaki.

Zoezi hilo halikuwa la kwanza wala halikuwahusu Warundi pekee. Mkoani Tanga, katika makazi ya Chogo, watu waliokimbia vita nchini Somalia katika miaka ya 1990 nao walipewa uraia. Wengi wao ni uzao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka eneo hilohilo katika karne ya 19, na waliporudi walikuwa bado wanazungumza Kizigua. Kwao, uraia ulikuwa kurejeshwa kisheria katika nchi ambayo mababu zao waliondolewa kwa nguvu.

Hatua ya pili: elimu ya sheria

Elimu ya sheria haina sharti la uraia. Mgeni anayeishi nchini kihalali anaweza kusoma chuo kikuu, na shahada anayoipata hubaki kuwa yake hata uraia unapochelewa. Kwa sababu hiyo, hatua ya elimu inaweza kwenda sambamba na hatua ya uraia, ingawa ajira ya uhakimu husubiri zote mbili zikamilike.

Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka 3 au 4 kulingana na chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichotangulia: kilianza kufundisha sheria mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, na Kitivo cha Sheria kilikuwa cha kwanza katika chuo hicho. Leo vyuo vikuu kadhaa, vya umma na binafsi, hutoa shahada hiyo. Aliyesoma nje ya nchi hulazimika kwanza kupata ithibati ya shahada yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Baada ya shahada hufuata mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Hapo mhitimu wa chuo kikuu hujifunza kazi ya sheria kama inavyofanyika: kuandaa hati za madai, kuhoji mashahidi, kuandika maoni ya kisheria na kuheshimu maadili ya taaluma. Sehemu ya mafunzo hufanyika darasani na sehemu nyingine katika mahakama na ofisi za sheria.

Taasisi nyingine yenye nafasi muhimu katika safari hii ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto, mkoani Tanga, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Pamoja na kozi za cheti na stashahada ya sheria, chuo hicho huwaandaa watumishi wa Mahakama kwa majukumu yao na kuwapa mafunzo wakiwa kazini.

Lugha ya mahakama

Katika masharti yote ya uraia, sharti la lugha ndilo linalogusa kazi ya hakimu moja kwa moja. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Mahakama za juu zilitumia Kiingereza katika kumbukumbu na hukumu, jambo lililowafanya wananchi wengi kutoka mahakamani bila kuielewa vizuri hukumu inayowahusu.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya shughuli za utoaji haki, huku kukiwa na nafasi ya kutumia Kiingereza inapolazimu kwa ajili ya haki. Mwaka huohuo, marekebisho mengine yaliwaruhusu mawakili kuwawakilisha wateja wao katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Awali hawakuruhusiwa.

Mabadiliko hayo mawili yameongeza uzito wa kazi ya hakimu wa ngazi ya chini. Anapaswa kuandika hukumu kwa Kiswahili sanifu ambacho mkulima na mfanyabiashara mdogo watakielewa, na wakati huohuo akabiliane na hoja za mawakili waliobobea. Raia wa tajnisi aliyekulia Katumba au Chogo hana upungufu katika jambo hili, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha aliyoitumia shuleni, sokoni na katika ofisi za Serikali. Kwa mhamiaji aliyefika nchini akiwa mtu mzima, ni eneo linalodai juhudi. Sheria ya Uraia inaweza kumkubali kwa Kiingereza chake, lakini kazi ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo haifanyiki bila Kiswahili.

Hatua ya tatu: Tume ya Utumishi wa Mahakama

Tume ya Utumishi wa Mahakama imeundwa na Ibara ya 112 ya Katiba. Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Wajumbe wengine ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji wa Rufani anayeteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Ibara ya 113 inaipa Tume mamlaka ya kumshauri Rais kuhusu uteuzi wa majaji, kuteua mahakimu na kusimamia nidhamu yao. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Sura ya 237, ya mwaka 2011, ndiyo inayofafanua utekelezaji wa mamlaka hayo.

Nafasi za uhakimu hutangazwa na Tume, na kila mwenye sifa huomba kwa utaratibu uliowekwa katika tangazo. Mwombaji huwasilisha vyeti vyake vya elimu na nyaraka zinazothibitisha uraia wake. Wanaochaguliwa kwa usaili hupimwa ujuzi wao wa sheria pamoja na mwenendo wao. Katika hatua hiyo raia wa tajnisi husimama sawa na mwombaji mwingine. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mamlaka yoyote kumbagua mtu katika kutekeleza majukumu ya umma, na miongoni mwa misingi ya ubaguzi inayotajwa katika ibara hiyo ni utaifa, kabila na mahali mtu alipotokea.

Utaratibu ulioelezwa hapa unahusu Mahakama ya Tanzania kwa upande wa Tanzania Bara. Uraia ni jambo la Muungano na Mahakama ya Rufani ni chombo cha Muungano, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake pamoja na mahakama zake za chini, zikiwemo Mahakama za Kadhi, na ina utaratibu wake wa uteuzi.

Kiapo na mipaka ya maisha ya hakimu

Aliyeteuliwa haanzi kusikiliza mashauri kabla ya kula kiapo. Kwa raia wa tajnisi, hiki ni kiapo cha pili kikubwa katika maisha yake. Kwa kiapo cha kwanza aliahidi utii kwa nchi iliyompokea. Kwa kiapo cha pili anaahidi kutenda haki kwa watu wote wa nchi hiyo bila woga, upendeleo wala chuki.

Ibara ya 107A ya Katiba inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki na kuitaka itende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na bila kuchelewesha haki pasipo sababu ya msingi. Ibara ya 107B inaziweka mahakama zote kuwa huru, zikilazimika kuzingatia Katiba na sheria za nchi tu. Ibara ya 113A inamkataza jaji na hakimu kujiunga na chama cha siasa, isipokuwa anabaki na haki yake ya kupiga kura.

Kanuni za maadili humtaka hakimu kujiondoa katika shauri ambalo yeye au ndugu yake ana maslahi. Kwa aliyekulia katika jamii ndogo ambayo watu wake wanafahamiana kwa ukoo na ujirani, wajibu huo una uzito wa pekee. Anaweza kuombwa na mzee aliyemlea "amwangalie" mtoto wake aliyeshtakiwa. Jibu la hakimu kwa ombi hilo linapaswa kuwa moja tu, na ni lile ambalo angempa mtu asiyemjua.

Je, mdaawa anaweza kumkataa hakimu kwa asili yake?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini linastahili kujibiwa wazi. Mdaawa ana haki ya kumwomba hakimu ajiondoe katika shauri. Misingi inayokubalika mahakamani ni kuwepo kwa uhasama kati ya hakimu na mdaawa, uhusiano wa karibu kati ya hakimu na upande mmojawapo, au maslahi ya hakimu katika matokeo ya shauri. Mdaawa hutakiwa kueleza sababu zake kwa uthabiti. Hofu au hisia tupu hazitoshi.

Mahali alipozaliwa hakimu, kabila la wazazi wake au namna alivyopata uraia si miongoni mwa misingi hiyo. Cheti cha uraia wa tajnisi kilichotolewa kihalali humfanya mtu kuwa raia. Anayedai kwamba hakimu fulani "si mwenzetu" kwa sababu wazazi wake walikuja wakikimbia vita hatoi hoja ya kisheria. Mwenye ushahidi wa upendeleo, rushwa au utovu wa maadili ana mahali pa kuupeleka: sheria imeunda Kamati za Maadili ya Maafisa wa Mahakama za Mkoa na za Wilaya, zinazoongozwa na Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, ambazo hupokea malalamiko dhidi ya mahakimu. Kwa asiyeridhika na uamuzi wenyewe, njia ni rufaa.

Wageni katika historia ya Mahakama

Watanzania kuhukumiwa na mtu aliyezaliwa mbali si jambo geni. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Jaji Mkuu alikuwa Sir Ralph Windham, Mwingereza aliyeshika wadhifa huo tangu mwaka 1960. Mwaka 1965 nafasi yake ilichukuliwa na Philip Telford Georges, mwanasheria aliyezaliwa Dominica katika visiwa vya Karibiani na aliyekuwa jaji Trinidad. Georges aliongoza Mahakama hadi mwaka 1971, kipindi ambacho nchi ilikuwa ikiunganisha mfumo wa mahakama uliorithiwa kutoka kwa wakoloni na mahitaji ya taifa jipya. Alirithiwa na Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu.

Majaji hao wa kigeni walikuja kwa sababu nchi haikuwa na wanasheria wa kutosha, na walitarajiwa kuondoka wazalendo watakapopatikana. Raia wa tajnisi yuko katika hali tofauti. Yeye haji kuziba pengo kwa muda, wala hana nchi nyingine ya kurejea mkataba ukiisha. Anaomba kazi hiyo akiwa raia, anashindana na raia wenzake, na anawajibika kwa sheria zilezile.

Mahakama Kuu, na mlango uliofungwa

Hakimu anaweza kupanda hadi ujaji. Ibara ya 109 ya Katiba inataka anayeteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa, na awe na sifa za kitaaluma zinazotajwa katika ibara hiyo, zikiwemo za kuwa hakimu au za kustahili kusajiliwa kuwa wakili, kwa muda usiopungua miaka 10 mfululizo. Katika sifa hizo hakuna sharti la kuwa raia wa kuzaliwa.

Sharti hilo lipo katika nafasi ya Urais. Ibara ya 39 inamtaka mgombea wa kiti hicho awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano, na sifa za Makamu wa Rais zinafuata msingi huohuo. Kwa ubunge, Ibara ya 67 inataka uraia tu. Katiba ilipotaka kumzuia raia wa tajnisi ilisema wazi, na katika uhakimu haikusema hivyo.

Uraia wa tajnisi, hata hivyo, unatofautiana na wa kuzaliwa katika jambo moja ambalo kila aliye nao anapaswa kulikumbuka. Sheria inampa Waziri mamlaka ya kuuondoa iwapo itathibitika kwamba ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha ukweli muhimu, au iwapo mhusika ameonesha kutokuwa mtiifu kwa Jamhuri. Kwa hakimu, kupoteza uraia ni kupoteza pia msingi wa ajira yake. Aliyedanganya umri, jina au mahali pa kuzaliwa siku ya kuomba uraia amejenga kazi yake yote juu ya udanganyifu huo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa vijana wenye uraia wa tajnisi wanaofikiria njia hii, tatizo linalojitokeza mara nyingi katika maombi ya ajira za umma ni nyaraka kutofautiana. Jina lililo katika cheti cha uraia linapaswa kuwa lilelile lililo katika vyeti vya shule, vya chuo na Kitambulisho cha Taifa. Panapokuwa na tofauti, marekebisho yafanywe mapema kwa utaratibu wa kisheria, kabla tangazo la kazi halijatoka. Cheti halisi cha uraia kitunzwe kwa uangalifu, na kikipotea taarifa itolewe Polisi na Idara ya Uhamiaji bila kuchelewa.

Maombi ya uraia hufanyika katika ofisi za Uhamiaji, na ada zake hulipwa kwa utaratibu rasmi wa malipo ya Serikali. Nafasi za uhakimu hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kupitia njia zake rasmi. Mtu yeyote anayeahidi kuharakisha uraia au kumpatia mtu uhakimu kwa malipo ya pembeni anatenda kosa, na anayemlipa anatenda kosa pia. Taarifa zake zipelekwe Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa au kituo cha Polisi.

Wazazi na walimu katika maeneo ya Kaliua, Katavi na Tanga wanakoishi raia hao wana nafasi ya kuwaeleza watoto jambo ambalo halisemwi mara nyingi: cheti kilichoanza kutolewa mwaka 2014 kiliipa familia haki ya kubaki nchini, na kinampa mtoto wa familia hiyo haki ya kuitumikia nchi katika nafasi karibu zote za umma. Uhakimu ni mojawapo. Masharti yake ni magumu kwa kila mtu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu atakayesimama mbele ya hakimu huyo akidai shamba la urithi au akitetea uhuru wake anastahili mtu aliyesoma, aliyepimwa na aliyeapa. Alikozaliwa mtu huyo si swali ambalo sheria inamuuliza.